KUPIGWA PICHA YA MGONGO SI MCHEZO



Wako waajiri wasemao: "Huyu alikwenda kupigwa picha tu, kesho asubuhi awe kazini." Sisi twakataa maneno hayo.

Picha za mgongo si zote sawa. Eksirei ya kawaida haina sindano. Lakini iko nyingine iitwayo mielografia. Daktari huchoma sindano mgongoni mpaka kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, akatia dawa ili mishipa ionekane katika picha. Mgonjwa hurudi nyumbani siku ile ile, lakini tundu la sindano laweza kuvuja maji hayo. Ndipo kichwa huuma sana akisimama, na hupoa akilala. Huenda maumivu yakaanza siku ya pili, yakakaa siku kadhaa. Mtu huyo atabebaje magunia? Madaktari wenyewe humkataza kuinua mizigo.

Lori la tajiri likiharibika hukaa gereji mpaka litengenezwe. Je, mgongo uliopakia lori hilo?

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 30, yampa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Basi usitoke hospitali bila cheti. Ukipata homa, shingo ikikakamaa au miguu ikilegea, rudi hospitali upesi.

Ukinyimwa siku zako, mwone mjumbe wa chama. Hatuombi huruma, twadai haki.

Umoja ni nguvu.