RIPOTI YA SHULE NA CHETI CHA MTIHANI



Kijana mmoja wa Mbwera amefika kwetu na karatasi mbili. Moja ni ripoti ya shule, na alama zake ni hafifu. Ya pili ni matokeo ya Kidato cha Sita: amefaulu vema Fizikia, Kemia na Baiolojia. Ataka kusomea upimaji wa macho, elimu ifundishwayo katika chuo cha KCMC, Moshi. Auliza, Je, ripoti hii haitamfungia mlango?

Twamjibu, Haitamfungia. Vyuo vyetu huchagua kwa alama za Baraza la Mitihani, lililoundwa mwaka 1973, wala si kwa ripoti ya muhula. Tena aijuaye Delta ya Rufiji ajua ya kuwa safari huko ni ya mashua na maji kujaa. Achelewaye kurudi shuleni si lazima awe mvivu.

Lakini na ajihoji mwenyewe. Mtihani ni wa siku chache, chuo ni miaka. Ikiwa alama zile zilitokana na uzembe, uzembe huo utapanda gari naye hadi Moshi. Na apimaye macho kwa uzembe humvisha mtu miwani isiyomfaa.

Nasi makarani tumsaidie kujaza maombi mapema, wala tusimkatishe tamaa. Wangapi kati yetu leo twalisogeza daftari mbali na uso ndipo tusome tarakimu? Huyu ndiye tutakayemhitaji.