MASHAURI YA NYUMBANI: Gitaa Lenye Kuvuma

Mwezi uliopita alitujia mwalimu mmoja, rafiki yetu wa siku nyingi, amechukua gitaa la umeme begani, na uso wake umejaa huzuni. Tukamkaribisha, tukampa kiti na chai, kisha tukamwuliza habari. Akasema, "Gitaa hili lilikuwa likivuma kama mzinga wa nyuki. Nilipata njia ya kulinyamazisha, lakini juzi kidogo nipoteze mtoto wa watu." Mwanafunzi wake mmoja alikuwa ameshika nyuzi za gitaa, akaisogelea mikrofoni ili aimbe, akapigwa na umeme midomoni hata akaanguka. Twashukuru kwamba alipona.

Tukamwuliza, "Ndugu mwalimu, ulilinyamazisha kwa njia gani?" Akajibu kwamba mtu mmoja alimshauri akate waya wa ardhi katika plagi ya amplifaya, yaani ile mashine ya kukuza sauti, naye akaukata, na mvumo ukakoma. Basi kwa ajili ya neno hili twaona yatupasa kuandika, maana gitaa za namna hii sasa zimo katika nyumba na shule nyingi.

Yafaa kwanza kujua kazi ya waya ule. Bati la amplifaya limeungwa nao, na nyuzi za gitaa zimeungwa na bati lile kwa njia ya kebo. Umeme ukivuja ndani ya mashine, waya wa ardhi huuchukua, na fyuzi hukatika. Waya ukiwa umekatwa, umeme hukaa katika nyuzi ukingoja njia. Na mtu agusapo mikrofoni iliyoungwa na ardhi, njia ni mwili wake. Hata kinyume chake huua. Mwaka 1972, huko Swansea katika Wales, mpiga gitaa Leslie Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifariki jukwaani alipogusa mikrofoni isiyoungwa vema na ardhi. Kwa hiyo twasema wazi: mtu asikate waya wa ardhi kamwe, hata kama mvumo wamchosha.

Sasa tutafute ugonjwa wenyewe kwa utaratibu. Kwanza, pigeni gitaa bila kuliunga na umeme. Mkisikia uzi unatatarika juu ya vyuma vya shingoni, kosa si la umeme: huenda nyuzi zimekaa chini mno, au shingo imepinda.

Pili, chomoeni kebo katika amplifaya, muiwashe peke yake. Ikivuma vilevile, ugonjwa umo ndani yake au katika umeme wa nyumba. Hapo msiifungue, maana ndani yake hubaki umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani. Ipelekeni kwa fundi.

Tatu, badilisheni kebo. Kebo ikitikiswa na kutoa mkwaruzo, imekatika ndani. Nayo ndiyo mara nyingi mkosaji. Angalieni pia tundu la kuchomekea kebo katika gitaa, maana nati yake hulegea, na waya zake husokoteka hata zikakatika.

Nne, punguzeni sauti ya gitaa mpaka mwisho. Mvumo ukitoweka, waingia kwa njia ya koili zilizo chini ya nyuzi. Koili ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara elfu nyingi. Nayo hunasa mtikisiko wa uzi, lakini hunasa pia umeme wa nyumba, ambao kwetu hugeuka mara 50 kwa sekunde. Geukeni polepole mkiwa mmeshika gitaa. Kama mvumo wapanda na kushuka, jitengeni na amplifaya, taa za mirija, na chaja za simu. Seth Lover wa kampuni ya Gibson alitengeneza dawa ya jambo hili mwaka 1955: koili mbili zilizopangwa kinyume, hata mvumo wa moja huufuta mvumo wa nyingine, na sauti ya nyuzi hubaki.

Tano, gusa nyuzi kwa mkono. Mlio ukipungua, waya wa nyuzi ni mzima, ila gitaa halina ngao ya kutosha. Usipobadilika kwa kugusa nyuzi, bali ukapungua kwa kugusa chuma cha plagi ya kebo, waya uendao kwenye daraja la nyuzi umekatika. Hakikisheni kwa mita: gitaa likiwa limechomolewa, ncha moja iwe juu ya uzi, ya pili juu ya chuma cha nje cha tundu, yafaa isomeke karibu na sifuri. Isiposomeka, ulehemu waya ule upya.

Tukarudi kwa gitaa la mwalimu. Amplifaya tuliipeleka kwa fundi wa umeme, akaona waya mmoja umechubuka ndani na kugusa bati. Laiti waya wa ardhi ungalikuwapo, fyuzi ingalikatika na mtoto asingalipigwa. Fundi akatengeneza, akaunga waya wa ardhi. Na mvumo ukarudi! Mwalimu akatutazama. Tukamwuliza amplifaya na mashine ya mikrofoni huchomekwa wapi, akasema kila moja katika soketi ya ukuta wake. Tukazichomeka zote mbili katika soketi za mahali pamoja, zenye ardhi, na mvumo mzito ukakoma. Maana njia mbili za ardhi zilizo mbalimbali hufanya duara, na duara hilo huvuma.

Ukabaki mlio mwembamba, uliopungua tulipogusa nyuzi. Ndipo tulipofungua gitaa, tukatandika utepe wa shaba katika shimo la koili, tukauunga na waya wa ardhi, tukiangalia usiguse waya wa sauti. Kazi ile ilichukua saa tatu, na utepe wa shaba haukuwa ghali. Sasa lina mvumo mdogo tu, nao hufunikwa na wimbo.

Basi, wazazi na walimu, tazameni leo plagi zenu, kabla watoto hawajashika nyuzi. Ikiwa mguu wa ardhi umekatwa, zimeni mashine ile mpaka itengenezwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu hujengwa kwa machozi.