Maoni Yetu: Safari ya ndege huanzia nyumbani kwa abiria

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Bukoba, mkoani Kagera, hadi ule wa Mwanza ni kama kilomita 175 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya pangaboi huzimaliza kwa muda usiofika saa moja. Ukipiga hesabu hiyo peke yake, utasema Kagera iko jirani na kila mahali.

Abiria wa Nshamba, wilayani Muleba, ana hesabu nyingine. Anatoka na bodaboda alfajiri hadi Muleba mjini, kisha anapanda Haisi ya Bukoba, karibu kilomita 70, inayosimama Muhutwe, Kemondo na kila penye mtu aliyeinua mkono. Anayetoka Kisiwa cha Bumbire huanza na boti. Wote wawili wakifika uwanjani, huenda wakaambiwa ndege imegeuzia Mwanza kwa sababu ya mawingu.

Hatusemi rubani alazimishe kutua. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam iliangukia Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walipoteza maisha. Waliotangulia kuwafikia abiria ni wavuvi na mitumbwi yao. Ndege ikigeuza kwa usalama, sisi tunashukuru. Tunachohoji ni abiria anavyoachwa baada ya hapo.

Mambo yamebadilika, ila mazoea bado. Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na foleni ya kivuko ikabaki historia. Barabara kutoka Mwanza kwenda Bukoba hupita kwenye daraja hilo, kisha Muleba. Abiria wa Muleba aliyeshushwa Mwanza akipewa basi siku hiyohiyo, atashukia mlangoni kwake bila kufika Bukoba kabisa.

Upo pia uwanja wa Chato, mkoani Geita, wenye njia ya kurukia ya kilomita 3, takriban mara mbili ya ile ya Bukoba. Kwa watu wa Kyamyorwa, kusini mwa Muleba, Chato ni karibu kuliko Bukoba. Uwanja wa Omukajunguti, unaozungumzwa miaka nenda rudi, utakuwa Missenyi, kaskazini. Utaufaa mkoa, lakini wa Muleba watazidi kusogea mbali nao. Wapangaji walikumbuke hilo mapema.

Kwa hiyo tunataka mambo matatu. Kwanza, mashirika ya ndege yamjulishe abiria kwa simu mara tu hali ya hewa inapotia shaka, kabla hajalipa nauli ya Haisi. Pili, ndege ikigeuzia Mwanza au ikielekezwa Chato, basi liwe limeshaandaliwa, na vituo vya Muleba vihesabiwe. Tatu, Bukoba iwe na boti ya uokoaji yenye wafanyakazi zamu zote, pamoja na taa na mitambo ya kumwongoza rubani.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri uwanja mpya. Wahusika waanze nayo sasa, kisha ratiba zao tutaziamini.