Miaka 7 kwa tajiri, sisi je?

Samsung waliahidi kusasisha Galaxy S24 kwa miaka 7, na Google wakaahidi vivyo hivyo kwa Pixel 8. Ni jambo jema, lakini mtaani kwetu wangapi wana simu hizo? Wengi tunanunua za bei nafuu, na huko kila baada ya miezi michache inatoka toleo jipya lenye jina karibu lilelile, huku nyingine za juzi tu zikiachwa bila masasisho ya usalama. Na humo ndimo tunamofungulia M-Pesa na akaunti za benki! Tangu Juni 2025 Umoja wa Ulaya unawataka watengenezaji wasasishe simu angalau miaka 5 baada ya kuacha kuziuza. TCRA, wasimamizi wetu wa mawasiliano, nao wanapaswa kudai hivyo kwa simu zinazoingia Tanzania.