Kaunti si mwenye shamba

Hoja kwamba kaunti nchini Kenya, kwa kuwa ardhi ya umma imesajiliwa kwa jina lake, yaweza kuiuza kama mwenye shamba yeyote, inapotosha tangu mwanzo. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inaikabidhi kaunti ardhi hiyo kama amana ya wakazi wake, nayo Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo inayoisimamia kwa niaba yao. Mshika amana hauzi apendavyo.

Sheria ya Ardhi ya 2012 imeweka njia: kaunti huomba, Tume hushughulikia, na umma hupewa notisi ya angalau siku 30. Ugawaji hufanywa kwa mnada, zabuni, kura na njia nyingine zilizotajwa, wala si kwa barua ya ofisini. Fukwe na kingo za mito hazimo kabisa sokoni.

Watetezi wa hoja hiyo hukimbilia hati miliki: mnunuzi aliyelipa kwa nia njema, wanasema, alindwe. Ibara ya 40(6) inawajibu kwamba mali iliyopatikana kinyume cha sheria haina kinga. Mahakama ya Juu ilikaza uzi huo mwaka 2023 katika kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa, kuhusu kiwanja cha ufukweni Nyali. Kampuni ilikuwa na hati. Ugawaji wa kwanza ulikuwa na kasoro, na hati ikaanguka pamoja nao.