Marashi ya Bahari Kwenye Baridi ya Mbeya

Bi harusi anayeolewa Mbeya au Iringa siku hizi anashauriwa aache udi, abebe marashi mepesi yenye harufu ya bahari. Sisi tunasema: abebe vyote viwili.

Marashi hayo, kama L'Eau d'Issey ya mwaka 1992, yananukia upepo wa pwani na tikiti maji kwa sababu ya Calone, kemikali iliyogunduliwa mwaka 1966. Mwani na chumvi ya kwetu hamna humo. Ni masafi, hayakabi, mazuri baada ya kuoga.

Lakini manukato hupandishwa na joto. Miji ile iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari. Baridi ya Juni na Julai huyazima haya mepesi. Hapo udi, ukifukizwa kwenye nguo na matandiko, ndio unaobaki.

Na yote hayo yawe ya ndani, kwa mume. Wepesi wa harufu si ruhusa ya kutoka nayo mbele ya wanaume ajinabi; Mtume (S.A.W.) ametukataza. Huko ugenini, chumba chako kinukie kwenu. Allah awape mapenzi na masikilizano, Aamiin.