Baada ya Upasuaji wa Tatu, Nani Aamue?

Katika semina za ndoa na katika mikutano ya Jumuiya Ndogo Ndogo huwa tunazungumza sana juu ya mahari, ulevi, mirathi ya wajane na malezi ya watoto. Lipo jambo moja ambalo halizungumzwi ila kwa kunong'ona. Nalo ni la mama ambaye amekwisha kujifungua kwa upasuaji mara mbili, mara tatu au zaidi, na sasa nyumbani kwake linaulizwa swali: tuzae tena, au tuishie hapa? Huenda wengine wakashangaa kuliona swali hili katika kurasa za Haki na Amani, wakidhani kwamba ni la daktari au ni la chumbani. Sisi tunaliona kuwa ni la haki, kwa sababu mara nyingi anayebeba hatari siye anayetoa uamuzi.

Mnamo tarehe 19 Januari 2015, hayati Papa Fransisko, akiwa ndani ya ndege akirejea Roma kutoka Manila, aliwasimulia waandishi wa habari kwamba alipata kumkemea mama mmoja katika parokia fulani. Mama huyo alikuwa na mimba ya nane, na watoto wake saba wote walikuwa wamezaliwa kwa upasuaji. Papa alimwuliza kama anataka kuwaacha watoto saba yatima, akasema kwamba huko ni kumjaribu Mungu. Mama alijibu kwamba anamtumainia Mungu. Papa akamweleza kwamba Mungu huwapa watu njia za kuwajibika. Siku zile magazeti yalishikilia zaidi mfano wake wa sungura, na habari ya mama yule ikapita upesi. Sisi tungependa kukaa nayo kidogo. Twakubaliana na Baba Mtakatifu kwamba imani si ruhusa ya kuuweka uhai rehani. Lakini tunaona pia, bila kumkosea heshima, kwamba katika masimulizi yale mume hasikiki. Mimba nane hazikutungwa na mtu mmoja. Hata huku kwetu ndivyo ilivyo: mama ndiye anayekemewa kliniki kwa kubeba mimba, na ni yeye tena anayekemewa nyumbani kwa kutoibeba.

Kabla ya kusema nani aamue, hatuna budi kujua kinachoamuliwa. Kila upasuaji huacha kovu katika ukuta wa mfuko wa uzazi. Mimba inayofuata yaweza kulipasua kovu hilo, hasa uchungu unapoanza mama akiwa mbali na hospitali. Aidha, kondo la nyuma laweza kujishikiza chini, juu ya kovu lenyewe, na kuzama ndani ya nyama ya mfuko hata lisiweze kubanduka mtoto anapozaliwa. Hapo damu hutoka kwa wingi mno, na mara nyingi daktari hulazimika kuuondoa mfuko wote ili kumwokoa mama. Tena viungo vya ndani hushikamana kwa makovu, hata upasuaji wa nne ukawa mrefu na mgumu kuliko wa kwanza, na kibofu cha mkojo kikawa hatarini.

Utafiti mmoja uliochapishwa nchini Marekani mwaka 2006 uliwafuatilia wanawake 30,132 waliojifungua kwa upasuaji. Hali ya kondo kuzama ndani ya mfuko ilionekana kwa wanawake 2 hivi katika kila 1,000 waliokuwa katika upasuaji wa kwanza, 6 hivi katika ule wa tatu, 21 katika wa nne, na 67 katika wa sita na kuendelea. Waliolazimika kuondolewa mfuko wa uzazi walikuwa chini ya 10 katika kila 1,000 hadi upasuaji wa tatu, kisha wakapanda hadi 24 katika wa nne na 90 hivi katika wa sita na kuendelea. Msomaji atatambua kwamba hesabu hizi hazipandi kwa hatua zilizo sawa. Baada ya upasuaji wa tatu mlima unakuwa mkali. Na hizo ni hesabu za hospitali kubwa zenye benki ya damu na madaktari bingwa. Kwa mama anayekaa mwendo wa saa tano kutoka kwenye chumba cha upasuaji, hesabu hiyo hiyo ina uzito mwingine.

Hata hivyo, yatupasa kutotia watu hofu ya bure. Hakuna idadi moja iliyowekwa kwa wanawake wote. Wapo waliopasuliwa mara nne wakalea watoto wanne wenye afya, na wapo ambao daktari aliona, katika upasuaji wa pili tu, ukuta wa mfuko umekuwa mwembamba mno. Mama aliyepasuliwa mara moja kwa sababu mtoto alikaa vibaya huenda akaweza kujifungua kwa njia ya kawaida safari ijayo, mradi awe hospitalini chini ya uangalizi. Ndiyo maana swali la kwanza si "amepasuliwa mara ngapi?" tu, bali pia "alipasuliwa kwa sababu gani, namna gani, na ndani kulionekana nini?"

Na hapa ndipo tunapoiona dhuluma iliyo kimya. Kovu la nje, kwenye ngozi, haliwezi kueleza kovu la ndani. Mkato wa kulala, sehemu ya chini ya mfuko, hauna hatari sawa na mkato wa kusimama, sehemu ya juu, ambao hupasuka kwa urahisi zaidi. Lakini ni akina mama wangapi katika parokia zetu wanaojua walikatwa namna gani? Wengi hutoka wodini na kadi iliyoandikwa neno moja tu, upasuaji, kana kwamba habari za tumbo lao ni siri ya hospitali. Kila mama anayo haki ya kuuliza, na kuandikiwa, sababu ya upasuaji, aina ya mkato, kiasi cha damu kilichopotea na ushauri wa daktari juu ya mimba ijayo. Karatasi hiyo itunzwe pamoja na cheti cha ubatizo cha mtoto. Bila karatasi hiyo mume na mke huamua gizani.

Hali kadhalika, haki yapasa ianzie kwenye kisu cha kwanza. Shirika la Afya Duniani lilitamka mwaka 2015 kwamba pale ambapo upasuaji unapita asilimia 10 ya uzazi wote katika jamii, hakuna dalili kwamba unazidi kupunguza vifo vya akina mama na watoto wachanga. Upasuaji usio wa lazima kwa binti wa miaka ishirini huweza kuamua ukubwa wa familia yake yote. Hatusemi hivyo kuwalaumu wanaookoa maisha usiku wa manane. Bila kisu chao, wengi wa akina mama hawa na watoto wao wangekuwa makaburini.

Tuje sasa nyumbani. Mama ana mabinti watatu, wote wa upasuaji. Ukoo unadai mtoto wa kiume. Mama mkwe anakumbusha ng'ombe waliotolewa. Wifi anasema kwamba huyo hakuzaa, alitolewa watoto, wakati pengine alishikwa na uchungu siku mbili kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, twasema, kisha twamnyima ushahidi mzazi mwenyewe. Na katika Jumuiya hakosekani wa kumfariji kwamba kila mtoto huja na riziki yake. Ni kweli, huja na riziki yake. Lakini haji na chupa za damu.

Kanisa halijaukabidhi ukoo uamuzi huu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya mwaka 1965 juu ya Kanisa katika ulimwengu wa leo, ulifundisha kwamba hukumu hiyo ni ya mume na mke wenyewe mbele ya Mungu, wakizingatia afya, hali ya maisha, na mema ya watoto waliokwisha kuzaliwa. Papa Paulo wa Sita, mwaka 1968, alikubali kwamba kwa sababu nzito wenye ndoa waweza kuahirisha uzazi, hata kwa muda usio na kikomo, kwa kufuata siku zisizo za rutuba. Kovu tatu juu ya mfuko mmoja ni sababu nzito. Wala njia hiyo haiwezekani bila mume. Mwanamume anayesema "tunafuata njia ya asili", kisha akaja na pombe siku asiyotakiwa, hafuati njia yoyote.

Kuhusu kufunga kizazi, msimamo wa Kanisa wajulikana, na mwaka 1993 Roma ilijibu swali lililohusu hasa mifuko iliyoharibiwa na upasuaji wa mara kwa mara: kuuondoa mfuko ili kuzuia hatari iliyopo sasa ni halali, kuuondoa au kufunga mirija kwa kuhofia mimba ya baadaye si halali. Mwaka 2018 liliongezwa jibu jingine, kwamba mfuko ambao wataalamu wana hakika hauwezi tena kufikisha mimba hadi mtoto aweze kuishi, waweza kuondolewa. Mwenye swali la dhamiri amwone padri, na mwenye swali la kovu amwone daktari. Mmoja asimjibie mwenzake. Lakini wote wawili wakumbuke kwamba mwili ni wa mama. Desemba 2022, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba haki za mwanamke mmoja anayeishi na virusi vya UKIMWI zilivunjwa alipofungwa mirija wakati wa upasuaji wa uzazi bila ridhaa yake huru. Kumnyang'anya mama uzazi akiwa mezani na kumlazimisha kuzaa akiwa nyumbani ni ndugu wawili.

Tena wapo watakaosikia yote haya na kuamua kuzaa. Labda wamezika watoto. Labda wamepata ushauri mwema na moyo wao umetulia. Hao nao wasisemwe. Wangoje walau miezi 24 tangu uzazi uliopita kabla ya kubeba mimba, waanze kliniki mapema, kipimo cha picha kioneshe kondo limekaa wapi, na miezi ya mwisho mama akae karibu na hospitali yenye damu na mpasuaji.

Nchini Tanzania vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 104 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022, kutoka 556 katika ule wa 2015-16. Maendeleo hayo yatokana na watu waliofanya kazi, nasi tunayo yetu. Tunaomba kila Jumuiya, kabla ya Kwaresima kwisha, ipeleke kwa katekista majina ya watu watano walio tayari kuchangia damu, jina la mwenye gari au bajaji anayeweza kuamshwa usiku, na jina la familia iliyo karibu na hospitali ya wilaya itakayompokea mama mjamzito mwenye kovu kwa wiki zake za mwisho. Halmashauri ya Walei itaibandika orodha hiyo mlangoni pa ofisi ya parokia.